Pembetatu Nyeupe

Rukaiya hakushuka kwenye dungu lake. Alisema ndege wa mwaka huu hawana adabu, ukiwapa kisogo tu wanamaliza shamba, kwa hiyo kama afande alitaka maneno yake, apande yeye.

Sajenti Elinipendo akapanda. Alizaliwa milimani, Upareni, na ngazi ya miti haikumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni ile boti iliyomleta Mbwera siku mbili kabla. Dungu lilikuwa kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, sakafu yake ya fito, na ndani mlikuwa na sufuria ya uji, kombeo, na rundo la madongo ya kurushia ndege.

"Siku ile boti ilipopotea, mvua ilinyesha vipi?" aliuliza.

"Ile si mvua, afande, ile ghadhabu. Upepo hamna, maji tu yanamwagika. Mkono wako mwenyewe huuoni."

"Kwa hiyo boti hukuiona."

"Nione wapi? Nlisikia. Ikapita hapa mtoni, ikaenda zake. Kisha ikanyamaza ghafla, kama mtu kazibwa mdomo."

"Iliponyamaza ilikuwa upande gani wa dungu? Wa bara au wa baharini?"

Rukaiya akatia dongo kwenye kombeo, akalizungusha, akaliachia. Kundi la ndege likainuka upande wa pili wa shamba.

"Baharini. Ilishanipita. Na haikurudi, maana ingerudi ningeisikia. Mto wa kurudia ni huu huu."

"Kaskazini au kusini?"

"Hapo mie sisemi. Nisije nikamfunga mtoto wa watu kwa mdomo wangu."

Elinipendo alilipenda jibu hilo. Shahidi anayejua mwisho wa ujuzi wake ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Mtoto wa watu alikuwa ameshafungwa, kwa kweli. Tamimu, nahodha wa boti ya kubebea kamba wabichi, alikuwa mahabusu Kibiti, na Jumatatu angepelekwa mahakamani Utete kwa wizi wa mashine ya boti. Mashine za namna hiyo zilikuwa ngeni huko. Tangu biashara ilipofunguliwa, ruksa kununua, ruksa kuuza, matajiri wa miji ya barabarani walikuwa wameanza kuteremka deltani na masanduku ya barafu. Mmoja wao ni Ahmed wa Nyamwage, mwenye boti na mwenye mashine. Tamimu alisema aligonga gogo ndani ya mvua, boti ikazama na mzigo wake na mashine yake, yeye akaokolewa na wakata boriti akiwa amekumbatia dumu. Ilizama wapi? Hakujua. Alikuwa amepotea, na mkondo ulimchukua mbali. Ahmed akatoa watu wakatafuta, wakarudi mikono mitupu. Basi mkuu wa kituo akaona mambo ni rahisi: boti haipo majini, basi ipo kwa mnunuzi.

Elinipendo naye angeona hivyo hivyo, kama si Chiku, mke wa Tamimu. Chiku alimfuata mpaka Kibiti na kapu la chakula cha mahabusu, akamwambia kitu ambacho hakikumtoka kichwani tena. Mpira wa mkono wa usukani wa ile mashine ulikuwa umebanduka, chuma kikawa kinamchubua Tamimu kiganja. Chiku akachana kipande cha kanga yake ya harusi, nyekundu yenye maua meupe, akakifunga pale.

"Mume wangu akiuza mashine, afande, kitambaa changu angenirudishia," alisema. "Mwanamume hauzi kitu na kanga ya mkewe juu yake."

Kisheria neno hilo halikuwa na uzito wowote. Elinipendo alipanda boti kwa ajili yake.

*

Mwalimu Gaudens wa shule ya msingi Mbwera alikuwa mtu wa Mahenge, mrefu, mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Yeye ndiye aliyechora ile ramani iliyotumiwa na watafutaji, na alikuwa akiionea fahari.

"Niliichora kwenye karatasi ya grafu," alisema. "Nikawapelekea kwenye banda la barafu kwa mkono wangu. Kisha malaria ikanilaza, sikwenda nao. Bado sielewi, afande. Pale walipaswa kuipata."

"Hebu nichoree tena, hapa ubaoni. Lakini safari hii tumia maneno niliyoyakusanya mimi. Ya kwako usiyaguse."

Mwalimu akakubali haraka. Ilionekana hajapata mtu wa kumwuliza hesabu kwa hiari yake tangu alipohamia Mbwera. Watoto walikuwa nyumbani kwa mavuno, na darasa lilikuwa lao wawili. Akachora mhimili mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama.

"Hapa inapokutana ni gati la Mbwera, alipoondokea Tamimu. Kwenda kulia ni mashariki, baharini. Kwenda juu ni kaskazini. Kila mraba ni kilomita moja. Haya, nipe shahidi."

"Rukaiya. Boti ilinyamaza ikiwa imeshampita, upande wa baharini."

"Dungu lake liko kilomita mbili mashariki ya gati." Akasimamisha mstari wima kwenye mbili. "Basi mashariki ni zaidi ya mbili. Upande huu wa kushoto hautakiwi." Akaujaza mistari ya chaki, kwa kuiinamisha, chwa chwa chwa. "Mwingine."

"Mfaume, aliyemtilia petroli. Anaapa haikuweza kumfikisha zaidi ya kilomita sita na mzigo ule. Nyingine angeikuta kwenye chombo cha barafu kilichokuwa kikimngoja."

"Na mikondo ya huku haikatishi, inakwenda kama mitaa: uende mashariki, halafu upinde kaskazini. Kwa hiyo mashariki jumlisha kaskazini, isizidi sita." Akapiga mstari wa kushuka, kutoka sita ya juu hadi sita ya kulia. "Sasa, upande gani ni wa kweli? Tunamwita shahidi."

"Shahidi gani tena?"

"Nukta yoyote isiyo juu ya mstari. Tuchukue gati lenyewe. Sifuri jumlisha sifuri ni sifuri. Sifuri inazidi sita? Haizidi. Basi upande wa gati ndio wa kweli, na ng'ambo yake tunaifuta." Chaki ikalia tena.

Elinipendo alikuwa amesahau kukaa. Shuleni hesabu zilimpiga chenga mpaka akazikimbia, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndani yake mna mashahidi.

"Wa mwisho," alisema, "ni wawili kwa pamoja. Mwanabaraka alikuwa akikata boriti kaskazini. Abdalah alikuwa kwenye kambi ya wavuvi huku mashariki. Mwanabaraka aliisikia mashine ikizimika. Abdalah hakusikia kitu, na nimemhoji mpaka amenikasirikia."

"Wote wako umbali sawa na gati, kilomita nne nne. Aliyesikia ndiye aliyekuwa karibu. Mstari wa katikati yao ni huu." Akauvuta kutoka gatini kwenda juu kulia, ukikata miraba kwa pembe. "Kaskazini lazima iwe kubwa kuliko mashariki."

"Na shahidi ni gati?"

"Hapana!" Mwalimu alifurahi kama aliyekuwa akilingoja kosa hilo. "Gati limekaa juu ya mstari wenyewe. Aliyekaa juu ya mstari haegemei upande, hafai kuulizwa. Tumwulize Mwanabaraka. Kaskazini nne, mashariki sifuri. Nne ni kubwa kuliko sifuri? Ndiyo. Basi upande wake ndio, wa Abdalah tunaufuta."

Akafuta upande wa Abdalah kwa chaki, akarudi nyuma. Ubao ulikuwa umejaa mistari, mingine imepandana. Katikati tu ndipo palipobaki kipande kisafi chenye pembe tatu, chembamba, hakikuzidi kilomita moja ya mraba.

"Hapo," alisema Mwalimu. "Boti imo humo. Kama mashahidi wako ni wa kweli, haiwezi kuwa pengine."

"Na karatasi uliyowapa ilikuwa hivi hivi?"

"Vile vile. Wino wa buluu badala ya chaki."

Elinipendo aliutazama ubao kwa muda. Kitu kilikuwa kinamkera, na hakukijua mpaka alipojaribu kuutazama kama mtu ambaye hajawahi kufundishwa na Gaudens.

"Mwalimu, uliwaandikia popote kwamba pasipotakiwa ndipo pamepakwa?"

"Kuandika? Hiyo ndiyo kanuni. Darasani kote tunapaka tusipopataka. Jibu ni kile kinachobaki cheupe. Kila mtu anajua..." Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kidevuni. "Mungu wangu. Wametafuta penye wino."

"Bado hatujui."

"Nimemfunga Tamimu mimi. Kwa karatasi!"

Alisema kwa uchungu wa kweli, na Elinipendo alimwonea huruma. Lakini huruma haikumzuia kuokota kalamu. "Nichoree nyingine kwenye karatasi," alisema, "lakini hii upake kinyume. Kipande kile cha pembe tatu tu ndicho kiwe na wino, kwingine kote uache peupe. Na tukiwa na watu, usifungue mdomo mpaka nikuruhusu."

*

Banda la barafu lilikuwa kando ya gati, limejaa maranda ya mbao na harufu ya kamba. Msimamizi wake ni Tahiri, mpwa wa Ahmed, kijana wa mjini kwa mavazi na wa Mbwera kwa kuzaliwa. Ndiye aliyeongoza utafutaji. Alikuwa ameketi juu ya sanduku, miguu yote miwili imefungwa vitambaa.

"Shikamoo, afande. Karibu. Nisamehe sisimami."

"Marahaba. Miguu imekuwaje?"

"Chupa, hapo gatini. Watu hawana ustaarabu."

Kitambaa kimoja kilikuwa kimelegea, na Elinipendo aliona mikato mingi, myembamba, imekwenda huku na huku. Chupa ya ajabu hiyo, iliyokata mara nyingi hivyo na kwa miguu yote.

"Mlipotafuta boti, mlitumia ramani ya mwalimu?"

"Hiyo hiyo. Tulianza pale wino ulipopandana, kusini mashariki, kwenye mlango wa bahari. Mistari juu ya mistari. Tukasema hapa ndipo mwalimu anaposisitiza. Tukazunguka, tukazamia. Mchanga mtupu, afande, hata gogo hamna."

"Mlijuaje kwamba wino ndio pa kutafuta?"

Tahiri akacheka, cheko la kumstahi mgeni. "Kwani mtoto akichora samaki, anapaka rangi samaki au anapaka bahari? Penye wino ndipo. Sie watu wa maji, afande, hesabu kubwa hatuna."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa zuri kiasi kwamba Elinipendo nusura aridhike nalo, aandike kuwa ni bahati mbaya na kanuni ya shule. Aliandika maelezo yake neno kwa neno, akamsomea, Tahiri akatia sahihi. Kosa lilikuwa wapi hakumwambia.

Nje alimkuta Chiku akingoja, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda shamba.

"Dada Chiku, mimi ni mtu wa milimani. Huku kwenu ni kitu gani kinachokata miguu, mikato mingi myembamba?"

"Chaza. Wanashika kwenye mizizi ya mikoko. Ukipita pekupeku umekwisha."

"Huko mlango wa bahari, kusini mashariki, kuna mikoko?"

"Mikoko itoke wapi? Kule mchanga."

"Na kule katikati, kaskazini ya mto, kabla ya kwa Mwanabaraka?"

"Huko ndiko kwenyewe. Mikoko mpaka unakosa njia. Sasa hivi watu hawaendi, maji mengi. Labda leo. Leo bamvua, maji yatakauka mpaka utashangaa."

Elinipendo akasimama. Mashine ya boti ni nzito, na maji yakiwa mengi mtu mmoja hawezi kuinyanyua kutoka chini. Aliyejua ilipo angengoja siku maji yatakapokauka sana. Angengoja na Tamimu yuko ndani, na watu wameshachoka kutafuta.

"Leo saa ngapi?" aliuliza.

"Adhuhuri yatakuwa yameshatoka yote."

*

Boti ya pili ya Ahmed ndiyo pekee yenye mashine iliyobaki, na mwenye kuijua ni Tahiri. Hakuweza kukataa kuwapeleka, ingawa aliitaja miguu yake mara kadhaa. Walikuwa wanne: yeye nyuma kwenye usukani, Elinipendo mbele yake ameshika ubao kwa mikono yote miwili, Mwalimu Gaudens, na Chiku, ambaye hakuomba ruhusa ya mtu. Kamba ya kufungia boti ilikuwa ya nailoni, ya kijani, mpya, na ncha yake moja ilikuwa imekatwa kwa kisu.

Walipolipita dungu la Rukaiya, Elinipendo akamwomba Tahiri apunguze mwendo. Akatoa karatasi, akaikunjua juu ya goti.

"Mwalimu ameichora upya. Wewe ndiye unayeyajua maji. Niambie tukatafute wapi."

Tahiri akainama. Karatasi nzima ilikuwa nyeupe, na katikati palikuwa na pembetatu moja ya buluu, imekolezwa wino mpaka karatasi imelowa. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mashine iliunguruma polepole, maji yakishuka kingoni na kuacha matope yanayong'aa.

"Huku," alisema mwisho, akionyesha kusini kwa kidevu. "Kwenye weupe."

"Wino je?"

"Wino ni wa kufuta, afande. Ndivyo wanavyochora walimu. Wanapaka pasipotakiwa."

Mwalimu Gaudens alifungua mdomo, akakumbuka alivyoagizwa, akaufunga.

"Nani kakufundisha?"

"Si nilisoma na mimi kidogo, Kibiti."

"Asubuhi ulikuwa mtu wa maji, hesabu kubwa huna. Mtoto akichora samaki anapaka samaki. Nimeandika, umetia sahihi." Sauti yake haikupanda. Alikuwa na shauku tu, kama mtu anayefungua kifurushi. "Mwalimu alikuletea ramani ambayo wino uko kwingine, ukasema ndipo. Nimekuja na ramani ambayo wino uko hapa, unasema sipo. Kanuni yako imegeuka, Tahiri. Kitu kimoja tu hakikugeuka: zote mbili, hutaki twende kwenye ile pembetatu."

Mkono wa Tahiri ulibaki kwenye usukani bila kuugeuza kokote.

"Njia ya mwongo fupi," alisema Chiku, bila kumtazama. "Pinda kaskazini, baba. Au niendeshe mie?"

Akapinda.

Mkondo ulizidi kuwa mwembamba, mikoko ikasogea pande zote. Mizizi ilikuwa nje ya maji, myeusi, imejaa chaza kama meno. Elinipendo aliitazama mizizi, kisha akatazama vitambaa vya Tahiri, naye Tahiri akaivuta miguu yake chini ya ubao. Maji ya mkondo yalikuwa yameshuka hadi kina cha magoti. Mwalimu alikuwa na karatasi mkononi, akihesabu miraba kwa midomo, na alipoinua kidole hakuna aliyehitaji kumwuliza.

Kamba ya kijani ilikuwa imefungwa kwenye mzizi, ikateremka ndani ya maji. Ilikuwa mpya, na ncha yake ilikuwa imekatwa kwa kisu.

"Uliiona lini?" Elinipendo aliuliza.

"Siku ya pili yake," alisema Tahiri. Sauti ilikuwa ndogo. "Mwalimu aliponipa karatasi nilikwenda peke yangu, kwenye weupe. Nikaiweka alama. Nilitaka na mie niwe na boti yangu, afande. Mjomba ana mbili. Nilijua Tamimu watamwachia tu, wakichoka."

"Wasingechoka," alisema Elinipendo. "Jumatatu angekwenda Utete."

Mwalimu Gaudens alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kumbe aliisoma vizuri," alinong'ona, na haikujulikana kama alikuwa anasikitika au anapumua.

Chiku alikuwa ameshashuka majini. Alikwenda kwa kuburuza miguu matopeni, akiifuata kamba kwa mikono, na mbele yake maji yakazidi kushuka, mpaka ukingo wa boti ukatokea, kisha masanduku yaliyopasuka, kisha mgongo wa mashine, umejaa tope. Akainama. Akausugua mkono wa usukani kwa kiganja, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso.

Wekundu ukatokea. Ua jeupe likatokea.

Elinipendo alitoa daftari lake ili aandike mahali na saa, kama taratibu zinavyotaka, lakini Chiku alikuwa amemgeukia, maji ya chumvi yakimtiririka mikononi, mkono mmoja haujakiachia kile kitambaa.

"Umekiona, afande?"

"Nimekiona."

"Basi andika haraka," alisema Chiku, "ukanifungulie mume wangu."